Kupoa si Kupona: Funzo la Mashilingi Mitaani Eastlands

Katika mtaa ninakoishi, hapa Eastlands, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, majirani huniita "Daktari". Sina kinyongo na heshima hiyo, kwani shahada ya uzamifu ninayo kweli. Ila niliipata kwa kuchambua maneno, si kwa kupasua majipu. Nimelieleza jambo hilo mara nyingi, dukani na kwa kinyozi, lakini maelezo yangu hayajafua dafu mbele ya cheo. Kwa hiyo sikushangaa sana Jumapili moja alasiri mama mmoja jirani alipobisha hodi akiwa amemshika mkono mwanawe, mvulana wa Gredi ya Tatu, aliyevaa kofia ya sufu licha ya jua kali.

"Samahani Daktari kwa kukusumbua siku ya mapumziko," alisema baada ya salamu. "Ngozi ya huyu mtoto imekuwa sugu. Haisikii dawa. Nimempaka krimu ya kwanza, ya pili, na sasa hii ni ya tatu. Nikimpaka inapoa, nikiacha inarudi. Na mwalimu amesema asionekane darasani hadi apone."

Alimvua mtoto kofia. Utosini palikuwa na mabaka matatu ya mviringo yenye magamba meupe, na nywele zilikuwa zimekatika kama nyasi zilizolishwa na mbuzi. Mtoto mwenyewe alikuwa akitazama sakafu.

Niliwaeleza kwamba mimi si daktari wa namna hiyo, na kwamba kesho yake tungekwenda pamoja kwenye kituo cha afya. Lakini walipoondoka, kauli ya yule mama ilibaki masikioni mwangu. Ilikuwa na maneno matatu ambayo sote huyatumia bila kuyafikiria: sugu, dawa na kupoa. Leo, kwa idhini ya msomaji, nataka kuyachambua maneno hayo, kwa sababu naamini kwamba ndani yake umejificha ugonjwa ambao hospitali peke yake haziwezi kuutibu.

Kwanza tuutambue ugonjwa wenyewe. Ni wa kale, na Kiswahili kimeupa majina kwa ukarimu. Ukiwa mwilini huitwa choa. Ukiwa kichwani, punye. Na huku Nairobi watoto huuita mashilingi, kwa kuwa alama zake zinafanana na sarafu. Siku hizi neno linalotamba ni fangasi, lililotoholewa kutoka Kiingereza, nalo hubebeshwa kila kitu, kuanzia miwasho ya vidole vya miguu hadi kucha zilizogeuka manjano. Kisababishi chake ni kuvu, jamaa ya ule ukungu uotao juu ya mkate uliolala. Kuvu za kundi hili hula keratini, yaani protini inayojenga ngozi, nywele na kucha. Inakadiriwa kwamba kati ya watu 20 na 25 katika kila watu 100 duniani wana maambukizi ya kuvu za ngozi. Mbali na homa na mafua, si magonjwa mengi yaliyoenea kiasi hicho.

Eastlands haikuachwa nyuma. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika shule moja ya msingi huko Mathare. Kati ya watoto 150 waliochunguzwa, zaidi ya asilimia 80 walikutwa na kuvu hizo. Shule moja si jiji zima, na ni kosa kuchukua idadi ya hapo na kuwabandika watoto wote wa Nairobi. Hata hivyo, mwalimu aliyefunza Mathare, Huruma, Dandora au Kayole hatalitilia shaka jambo lenyewe. Chumba kimoja hulaza watu sita. Kitana ni kimoja. Mashine ya kinyozi hupita kichwa hadi kichwa bila kutiwa spiriti. Na maji ni ya mgao, hivyo shuka hufuliwa siku mfereji unapokumbuka mtaa. Kuvu haihitaji mwaliko mwingine.

Sasa turudi kwenye maneno, tuanze na sugu. Asili ya neno hili ni ngozini, nalo ni ndugu wa kitenzi sugua. Mkulima anayeshika mpini wa jembe mwaka nenda mwaka rudi huota sugu kiganjani. Kutoka hapo neno likahamia kwa mtu asiyeonyeka, kisha kwa ugonjwa usioondoka, na hatimaye wataalamu wakalichukua kuunda istilahi "usugu wa dawa". Ni istilahi nzuri na fupi, lakini ina mtego. Kwa kuwa sugu ya asili huota kwa mtu, msikilizaji hudhani kwamba kilichogeuka sugu ni mwili wa mgonjwa. Ndiyo maana yule mama aliilaumu ngozi ya mwanawe.

Kosa hilo si la wasemaji wa Kiswahili peke yao. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya mahojiano na watu wapatao 10,000 katika nchi 12 kuhusu dawa za bakteria. Watu 76 katika kila 100 waliamini kwamba usugu hutokea pale mwili wa mtu unapozizoea dawa. Ukweli ni kinyume cha hivyo. Anayegeuka sugu ni mdudu, yaani bakteria au kuvu, si mtu. Na tofauti hii si ya wanasarufi tu. Ikiwa ngozi ya mtoto ndiyo sugu, basi shida ni yake na inaishia kwake. Lakini ikiwa kuvu ndiyo sugu, basi kuvu hiyo inaweza kuhamia kwa mwenzake wa dawati moja pamoja na usugu wake, na yule wa pili ataanza ugonjwa ambao dawa imeshindwa nao hata kabla hajaimeza.

Usugu huo huanzaje? Hapa mfano wa mpini wa jembe nao unachechemea, kwa sababu kuvu moja haikakamai kwa kuguswa na dawa kila siku. Mfano bora uko Gikomba na Muthurwa. Askari wa kaunti, wale tunaoendelea kuwaita kanjo, wanapowavamia wachuuzi, hukamatwa walio wazito, waliobeba mizigo mikubwa au waliovaa kandambili. Msako ukirudiwa mara kumi, watakaobaki barabarani ni wenye mbio. Hakuna aliyefundishwa kukimbia. Waliobaki ni wale waliokuwa na mbio tangu mwanzo. Ndivyo ilivyo kwa kuvu. Katika mamilioni ya kuvu zilizo kichwani mwa mtoto, huenda chache zikawa na hitilafu ndogo ya kurithi inayozifanya zistahimili dawa. Dawa hafifu, au dawa iliyokatizwa njiani, huziua zilizo dhaifu na kuwaachia uwanja zile chache. Nazo huzaana.

Haya si mambo ya kufikirika. Katika muongo uliopita madaktari wa ngozi nchini India walianza kuona choa iliyotapakaa mwili mzima na kukataa kuondoka hata kwa terbinafini, dawa iliyotegemewa mno tangu miaka ya 1990. Mwaka 2020 kuvu hiyo ilitambuliwa kuwa spishi ya pekee, ikapewa jina la Trichophyton indotineae. Nyingi ya kuvu hizo zina mabadiliko madogo katika jeni ya kimeng'enya kile kile ambacho terbinafini hukishambulia. Ni kama mwenye nyumba aliyebadilisha kitasa huku mwizi akiwa bado na ufunguo wa zamani. Tangu hapo imeripotiwa katika nchi nyingi za Asia na Ulaya, na Mei 2023 mamlaka ya afya ya Marekani ilitangaza wagonjwa wawili wa kwanza nchini humo, wote jijini New York. Mmoja wao hakuwa amesafiri nje ya nchi siku za karibuni. Msomaji asidhani kwamba New York ni mbali. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko Embakasi, Eastlands hii hii, na kuvu haiombwi pasipoti.

Kinachoongeza uzito wa jambo hili ni uchache wa silaha. Watu wengi huziweka kuvu na bakteria katika kapu moja la "viini". Kumbe kibayolojia kuvu ni jamaa wa karibu wa wanyama, kutia ndani binadamu, kuliko bakteria. Seli yake imejengwa kwa namna inayofanana na yetu, na kwa hiyo ni vigumu kupata sumu itakayoiua bila kumdhuru mwenye ngozi. Dawa za bakteria ziko za makundi mengi. Za kuvu ni makundi machache ya kuhesabika kwa vidole. Tukilipoteza kundi moja, hatuna ghala la kukimbilia.

Hapo ndipo linapoingia neno la pili, dawa. Kiswahili kina dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mende, dawa ya nyanya na dawa ya kikohozi. Neno moja limebeba kitibacho, king'arishacho na kiuacho. Sisemi kwamba lugha yetu ina upungufu; kila lugha hupanga kabati lake inavyopenda. Nasema tu kwamba anayesikia "hii ni dawa ya ngozi" hajaambiwa bado inaifanyia nini ngozi hiyo.

Krimu ya tatu ya yule mama niliisoma kwa miwani. Ilikuwa na viungo vitatu ndani ya bomba moja: cha kuua kuvu, cha kuua bakteria, na steroidi kali ya jamii ya zile ambazo baadhi ya watu hujipaka ili kung'arisha ngozi. Muuzaji huipenda kwa kuwa inaonekana kumaliza kila tatizo, na mnunuzi huipenda kwa kuwa kesho yake mwasho umekwisha. Lakini kazi ya steroidi ni kuutuliza ulinzi wa mwili mahali ilipopakwa. Wekundu huondoka, uvimbe hushuka, na ule mviringo wa mashilingi hupoteza umbo lake hata daktari akashindwa kuutambua. Kuvu nayo, ikiwa imeondolewa mlinzi, huendelea kula. Madaktari wa India wamezitaja krimu za mchanganyiko wa namna hii, zinazouzwa bila cheti cha daktari, kuwa mojawapo ya chanzo cha balaa lao.

Isitoshe, kwa punye ya kichwani hata krimu safi isiyo na steroidi haitoshi. Kuvu huwa imeingia ndani ya unywele wenyewe, mahali ambapo mafuta ya kupaka hayafiki. Tiba yake ni vidonge vya kumeza au dawa ya maji, mathalani griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane au zaidi, tena ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uifyonze vyema. Kucha ni hivyo hivyo: terbinafini kwa wiki sita kwa vidole vya mikono na kumi na mbili kwa vya miguu, na baada ya hapo ukucha wa mguu huchukua mwaka mmoja au zaidi kuota upya wote.

Mkulima naye ana dawa yake. Baadhi ya dawa za ukungu zinazopuliziwa mazao ni za jamii moja na zile tunazopewa hospitalini. Mwaka 2018 watafiti wa Kenya waliripoti kwamba katika udongo uliozoea dawa hizo, Naivasha na hapa Nairobi, walipata kuvu ya Aspergillus fumigatus, inayoshambulia mapafu, ikiwa tayari na usugu dhidi ya dawa za jamii hiyo. Hiyo si kuvu ya ngozi, lakini kanuni ni ile ile ya kanjo na wachuuzi. Shamba na zahanati zinachota katika kisima kimoja.

Neno la tatu, ambalo kwangu ndilo kiini cha yote, ni kupoa. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofanana kama mapacha: poa na pona. Konsonanti moja tu ndiyo inayovitenganisha. Chai hupoa, hasira hupoa, maumivu hupoa. Lakini mgonjwa hupona. Dawa ipozayo huondoa makali. Dawa iponyayo huondoa ugonjwa. Wazee wetu waliotuachia maneno hayo mawili badala ya moja walijua walichokuwa wakikifanya. Sisi wa Nairobi, ambao tukiulizwa habari hujibu "poa", tumeanza kuisahau ile nyingine. Mwasho ukituachia usingizi usiku mmoja, tunasema tumepona, na vidonge vilivyobaki tunavitia kabatini kumngoja mgonjwa mwingine.

Nami si msafi katika jambo hili. Miaka michache iliyopita ukucha wa kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto uligeuka manjano, ukawa mnene kama ganda la kobe. Niliandikiwa vidonge vya wiki kumi na mbili. Wiki ya nne, nilipoona sehemu mpya ikichomoza ikiwa safi chini ya ukucha, nilijiambia kwamba msomi anajua kusoma ishara, nikaacha. Nilikuwa nimesoma neno "poa" mahali palipohitaji "pona". Baada ya mwaka mmoja vidole vilikuwa viwili. Namshukuru Mungu kwamba tiba ya pili, niliyoikamilisha chini ya macho ya mke wangu, ilifaulu. Huenda nisingekuwa na bahati hiyo.

Haki inanilazimu kuongeza kwamba si kila dawa inayoshindwa imeshindwa na usugu. Mara nyingi mtoto hupona kikweli kisha huambukizwa tena na kofia ya kakake au mashine ya kinyozi. Mara nyingine ugonjwa si wa kuvu hata kidogo. Kucha huharibika kwa sababu nyingi, na ngozi huwa na magamba kwa sababu nyingi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuhakikisha. Kukwangua magamba kidogo, kuyadondoshea potasiamu hidroksidi na kuyatazama kwa hadubini ni kazi ya muda mfupi isiyo na gharama kubwa. Kipimo hicho kinastahili kupatikana katika kila kituo cha afya cha Eastlands kilicho na hadubini ya malaria, kwani chombo ni kile kile.

Mwaka 2017 serikali yetu ilizindua sera ya taifa na mpango wa utekelezaji kuhusu usugu wa vimelea, na mpango wa pili ni wa 2023 hadi 2027. Ni hatua ya kusifiwa. Lakini sera ni ya Kiingereza, karatasi iliyo ndani ya pakiti ya dawa ni ya Kiingereza, na bahasha ndogo anayopewa mama dirishani imeandikwa "1×1" kwa kalamu, bila kumwambia kwa wiki ngapi. Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Je, ni mahali gani panapohitaji lugha rasmi kuliko juu ya bahasha ya dawa? Maneno saba yangetosha: "Usiache hata kama mwasho umekwisha. Wiki nane."

Walimu wenzangu, ninyi mnaweza kufanya mengi bila kungoja bajeti. Mtoto mwenye mashilingi asifukuzwe darasani. Akishaanza tiba hana sababu ya kukosa masomo, na kumfukuza humfundisha kuficha. Mwiteni mzazi kwa faragha, mwandikieni barua ya kituo cha afya, ulizeni kama ndugu zake wamekaguliwa. Zungumzeni na kinyozi aliye langoni mwa shule. Na katika somo la Kiswahili, siku mtakapofundisha vitate, wapeni wanafunzi poa na pona, poza na ponya, kisha waacheni watunge sentensi. Nanyi wanafunzi, mkisikia mtu akisema ngozi yake ni sugu, mrekebisheni kwa adabu: mwambieni kuvu ndiyo sugu, na ngozi haina hatia.

Yule mvulana alikwanguliwa magamba, kuvu ikaonekana, akaandikiwa dawa ya wiki nane. Mwalimu wake alipokea barua na kumrudisha darasani wiki hiyo hiyo. Juzi, wiki ya tano, mama alinisimamisha dukani akiwa na tabasamu.

"Daktari, nywele zimeota! Sasa ni poa kabisa."

"Tunashukuru, mama," nilimjibu. "Na dawa imebaki ya wiki ngapi?"

Alinyamaza kidogo, akacheka, akasema, "Tatu. Nimekuelewa."

Basi tuzihesabu wiki hizo tatu, kila nyumba yake. Zikitimia ndipo tuseme mtoto amepona.